Honi Yangu Huko Dos Palmas

Desemba 9

Kiwanda cha sukari kimeanza kusaga miwa leo. King'ora kililia alfajiri, mbwa wa mtaa mzima wakakijibu, na Fermín akaondoka bila kumaliza mkate wake. Miezi yote ya msimu mfu, kiwanda kikiwa kimelala, mume wangu hukaa kwenye kiti cha kubembea akilalamika: kahawa nyepesi, kuku wana kelele, magoti yanauma. Kiwanda kikilia tu, magoti yanapona. Huyo, anamkimbilia Mjane.

Mjane ni kichwa cha treni. Jina alipewa kabla sijazaliwa, dereva wake wa kwanza alipofia kitini. Watu hunitania kwamba kuanzia Desemba mpaka Mei mume wangu ana mke mwingine mwenye moshi. Sijawahi kumwonea wivu. Chuma ni chuma.

Desemba 12

Mpwa wa jirani yangu Caruca amekuja kutoka Habana. Alikuwa jikoni kwangu honi ilipolia kwenye kona ya mapera, akaniona naweka kahawa motoni. Akauliza nimejuaje kwamba ni mume wangu anayekuja na si dereva mwingine.

Caruca akacheka. "Mwanangu, hapa San Telmo hata paka wanajua. Kila dereva anavuta kamba ya honi kwa namna yake. Toribio anapiga kama mtu anayekohoa. Fermín anapiga ndefu moja, fupi mbili, halafu ndefu inayoshuka polepole, kama mtu anayeketi. Hiyo aliibuni akimchumbia Zoraida. Haipigi popote pengine ila hapo kwenye kona, ajue kuweka kahawa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya msimu, tangu mimi nikiwa na kiuno."

Nikajifanya nahangaika na moto, lakini kusema kweli kichwa kilinivimba.

Desemba 24

Tumekula nguruwe kwa Caruca. Wilfredo naye alikuwepo, msaidizi wa Fermín anayetazama moto na mafuta kwenye Mjane. Wilfredo ana miaka thelathini na ushei, bado anafuliwa na mama yake, na haya zake ni za msichana. Fermín alinyoosha mkono kuchukua glasi akashika hewa. Tukacheka wote. Nikamwambia ramu imetosha.

Januari 8

Upepo umegeuka. Jivu la miwa limeangukia shuka zangu zote. Nimefua upya.

Januari 15

Leo asubuhi nilikuwa nalisha kuku. Hewa ilikuwa kavu na tulivu, ile hewa ya Januari inayobeba sauti kutoka mbali. Nikasikia honi kutoka upande wa Dos Palmas, kule mikokoteni ya ng'ombe inakomwagia miwa kwenye mabehewa. Ndefu moja, fupi mbili, halafu ndefu inayoshuka.

Nilisimama na mahindi mkononi. Nikajiambia upepo unanichezea.

Januari 16

Si upepo. Imelia tena. Na leo nimesikiliza vizuri: ile ya mwisho imeshuka, halafu badala ya kuketi ikavutwa tena kidogo juu, ikawa na mkia mtamu, kama mtu anayeagana na hataki kuondoka. Mimi sijawahi kupigiwa mkia.

Pale Dos Palmas anayepima miwa ni Odalys. Ametoka Camagüey, ameachana na mumewe, anapaka mdomo rangi nyekundu hata akiwa katikati ya vumbi la miwa. Sina neno naye. Nimeandika tu ili nisisahau.

Januari 29

Kwenye foleni ya mchele wa mgao, wanawake walinyamaza nilipofika. Halafu mmoja, mke wa Toribio, akashindwa kujizuia.

"Shoga, siku hizi kahawa inachemshwa nyumba ngapi?"

"Moja, yangu," nikasema. "Kwako ni siku nyingi sijasikia harufu."

Wakavunjika mbavu. Mimi pia nikacheka, nikachukua mchele wangu, nikafika nyumbani nikaukalia na kulia. Kwa hiyo si masikio yangu peke yangu. Mji mzima umesikia honi yangu ikipigiwa mwanamke mwingine.

Februari 6

Nimemuuliza. Nilingoja amalize maharage.

"Unapiga honi Dos Palmas siku hizi."

"Treni ikiondoka na miwa lazima ipige honi, kiwanda kijue tunakuja."

"Honi gani?"

Akajipangusa mdomo taratibu. "Honi, mke wangu. Honi ni honi."

Miaka yote hii, kumbe honi ni honi. Alipolala nilichukua leso yake mfukoni. Inanukia maua. Nimenusa mara nyingi mpaka nikayatambua, ni yale maua madogo meupe tunayochemshia watoto wanaoumwa tumbo. Mwanamume anayekaa siku nzima kwenye mafuta na moshi ananukiaje maua?

Februari 20

Amepiga honi ya kona. Sikuweka kahawa. Amefika, ameketi, amengoja, halafu amekunywa maji. Hakuuliza kitu. Kutouliza kwake kumenichoma kuliko kama angefoka.

Februari 24

Joto. Shamba la upande wa mto limewaka moto usiku, wamekata miwa iliyoungua kabla haijaharibika. Mjane amekwenda safari za ziada. Kila safari nimeisikia. Kila safari ina mkia.

Machi 3

Nimekwenda kwa Baudilio, mkuu wa treni. Nimevaa gauni la bluu. Nilijiambia njiani kwamba nakwenda kwa ajili ya magoti ya Fermín.

"Ndugu Baudilio, mume wangu amechoka. Njia ya Dos Palmas ni ndefu, na kibanda cha Mjane kinarusha mgongo. Huwezi kumpa ule mtambo mdogo wa kusukuma mabehewa hapa uani mwa kiwanda? Awe karibu na nyumbani."

Baudilio alinitazama kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoiomba. "Mama Zoraida, ningempa kazi hiyo miaka mitatu iliyopita. Ni yeye anayekataa. Kila nikimgusia anasema Mjane hamkubali mtu mwingine."

"Mimi ndiye nakuomba. Yeye asijue."

"Sawa. Zimebaki taratibu tu za uhamisho, na mimi nitazishughulikia."

Nikarudi nimenyoosha shingo. Odalys apime miwa yake. Uani hakuna mwanamke ila mimi na ukuta wa kiwanda.

Machi 10

Bado yuko njia ya Dos Palmas. Mkia umekuwa mrefu zaidi. Nimeunguza wali.

Machi 14

Nimekwenda mwenyewe.

Chano, kaka yake Caruca, hupeleka miwa Dos Palmas kwa mkokoteni, nikamwomba anipakie. "Unampelekea mzee chakula?" akauliza. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimebeba chombo chenye wali na ndizi za kukaanga, na hasira nyingi kuliko wali.

Njia ya mkokoteni inafuatana na reli. Reli yetu ni nyembamba, mtu anaweka mguu huku na mguu huku. Shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli pana, ile inayochukua sukari kwenda bandarini, aliiita kitu cha kuchezea. Lakini treni yake haijui kuingia katikati ya mashamba. Hii yetu inaingia mpaka malori yanapozama. Imetuletea mkate na maji ya kunywa. Ilinipeleka hospitali nikiwa na uchungu wa mwanangu, nimelazwa juu ya magunia, na Fermín akaendesha polepole mpaka nikamtukana aongeze mwendo. Jeneza la baba yangu lilipita hapa juu ya behewa tupu. Nikiwa juu ya mkokoteni nilikuwa nayakumbuka yote hayo, na nikazidi kukasirika, kwa sababu vyote hivyo vilikuwa vyetu sisi wawili na reli hii.

Mjane alikuwa amesimama chini ya mtambo wa kupakia, anatoa mvuke. Kibanda kilikuwa kitupu. Nikazunguka nyuma ya chumba cha mizani.

Fermín alikuwa ameketi kwenye kreti, kichwa amekilaza nyuma, macho amefumba. Odalys amesimama mbele yake, ameinama, mkono mmoja umeshika kidevu chake. Uso wake ulikuwa karibu na uso wa mume wangu kiasi kwamba pumzi zao zilichanganyika.

Sikumbuki nilichosema kwanza. Chano anasema nilisema, "Endeleeni, msinijali." Chombo cha chakula kilikuwa chini tayari.

Fermín akafumbua macho. Yalikuwa mekundu, yamelowa, na yalinitafuta. Hilo ndilo lililonizuia nisimrukie mtu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, na macho yake yalinitafuta upande ambao sikuwepo.

"Zoraida?" akasema.

Odalys alikuwa na pamba mkononi na bakuli la maji ya maua. "Dada, tafadhali," akasema. "Mzee huyu ni rika la baba yangu. Namwosha macho tu. Mama yangu alipofuka hivihivi, ndiyo maana nilijua mzee alipoanza kujikwaa hapa."

"Nani anapofuka?"

Wilfredo alikuwa ametokea kwa upande wa Mjane, kitambaa cha mafuta mkononi. Ni yeye aliyesema, akiitazama ardhi.

"Asubuhi jua linatupiga usoni tukirudi kiwandani, mama. Mzee haoni kitu. Ukungu mtupu. Kwa hiyo kutoka hapa naendesha mimi, yeye anatazama moto, moto anaujua kwa kusikia. Tukikaribia kona ya mapera reli imeshageuka, jua liko mgongoni, anarudi kitini. Ile honi yako ya kona ni yeye. Hajawahi kuniachia."

"Na hii ya hapa?"

Masikio yake yakawa mekundu. "Hii ni mimi. Wote kiwandani wanasikiliza. Nilitaka wajue kwamba anayeendesha ni Fermín. Na mimi honi nyingine siijui, nimeisikia hiyo tu miaka yote."

"Fermín haweki mkia."

Wilfredo akamtazama Odalys, Odalys akatazama bakuli lake, na mdomo wake mwekundu ukajikunja kwa kucheka kidogo. Hapo nikaelewa mkia ulikuwa wa nani na alipigiwa nani. Ningecheka na mimi siku nyingine.

Nikamgeukia mume wangu. "Huyu amejua. Wilfredo amejua. Mimi je?"

"Ningekuambia wewe ungenishusha kwenye Mjane siku hiyohiyo."

"Ndiyo, ningekushusha."

"Basi," akasema. "Msimu mmoja tu nilitaka, Zoraida. Nimalize huu, nistaafu kwa miguu yangu, si kwa kuondolewa."

Nikainama kuokota wali uliomwagika. Nilikuwa nimekumbuka gauni la bluu nililovaa kwenda kwa Baudilio.

Machi 15

Nimewahi kwa Baudilio kabla hajavua kofia. Nikamwambia nimebadili mawazo, Fermín ana furaha njia ya Dos Palmas, amwache huko.

"Umechelewa, mama. Mtambo wa uani nimeshampangia. Imebaki kupimwa tu. Anayehama lazima apimwe masikio na macho. Daktari anakuja wiki ijayo."

"Asipimwe basi."

"Mama Zoraida," akasema, na sasa alinitazama vizuri, "kwa nini asipimwe?"

Nikasema nina haraka, nimeacha kitu jikoni.

Sijamwambia Fermín. Kila nikifungua mdomo, namwona Odalys na pamba yake. Nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma: najua sasa kwamba hakuna kilichokuwepo kati yao, na bado namwonea wivu. Wivu haujaondoka, umehama tu. Kama ungekuwa mdomo mwekundu ningejua la kufanya. Lakini alimpa mwanamke yule hofu yake aishike, na mimi akaniletea nguo za kufua.

Machi 22

Amepimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema baada ya msimu apelekwe Santa Clara akapasuliwe, anaweza kuona vizuri tena, lakini kichwa cha treni hatagusa. Mjane amepewa Wilfredo. Uani wamempa Toribio.

Baudilio hakuwa na nia mbaya. Alimwambia tu, "Mshukuru mkeo aliyeniletea ombi la uhamisho, ungeweza kuua mtu."

Fermín alirudi kwa miguu. Akaning'iniza kofia yake ya kazi msumarini. Nikamwekea kahawa, ile nzito anayoipenda. Akaipitia kama kiti kisichokuwa chake, akaenda kuketi nje.

Machi 23

Hasemi nami.

Machi 30

Anasema na kuku.

Aprili 4

Mchana honi imelia kwenye kona ya mapera. Ndefu, fupi mbili, ndefu inayoshuka. Nikainuka, nikaweka kahawa motoni, nikachukua kikombe, nikageuka. Fermín alikuwa palepale kwenye kiti cha kubembea, mita mbili kutoka kwangu, ananisikiliza nikihangaika na vyombo. Kisha mkia ukafuata, mrefu, mpaka kwa majirani.

Nikazima moto. Nadhani hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Aprili 5

Nimesimama juu ya reli. Wilfredo aliniona kutoka mbali, akafunga breki, Mjane akaja akilia mpaka karibu na sketi yangu.

"Mama, utauawa."

"Honi hiyo ina mwenyewe."

"Najua, mama. Nilimuuliza mzee kama naweza kuendelea nayo. Akasema honi si yake, nikamuulize mwenye honi. Mimi nikaogopa kuja."

Kwa hiyo Fermín anasema na Wilfredo, na mimi hapana. Lakini nilishika neno hilo moja, honi si yake.

"Mwenye honi amekataa," nikasema. "Tafuta yako. Mpigie Odalys yenu wenyewe, ianze kwenu."

"Sijui nitapigaje."

"Fermín naye hakujua. Mwanzoni ilikuwa kama ndama aliyekanyagwa."

Akacheka, nami nikatoka relini.

Aprili 19

Wilfredo anatafuta honi. Jumatatu ilikuwa kama bata. Leo ilianza vizuri ikaishia kwa kikohozi, Toribio akadai ameibiwa yake. Caruca amecheka mpaka amejishikilia mlangoni. Nilimwona Fermín akitikisa kichwa, na mkono wake wa kulia juu ya goti ukavuta kamba isiyokuwepo, kumwonyesha jinsi ya kuishusha. Nikaingia ndani nisimwangalie.

Mei 2

Mvua za kwanza. Mabehewa mawili yametoka relini karibu na mto.

Mei 6

Mvua. Nimempaka dawa aliyoandikiwa na daktari. Ameniachia nishike kidevu chake. Nimeshika kama nilivyomwona yule akishika, na niliona aibu kwamba najilinganisha naye mpaka hapo. Hakuondoa uso.

Mei 14

Leo treni ya mwisho ya miwa. Wameipamba kwa makuti na bendera kama kawaida. Baudilio alikuja asubuhi, kofia mkononi, matope mpaka magotini.

"Mzee Fermín, anayestaafu anapanda treni ya mwisho. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Wilfredo anakungoja."

Fermín alipapasa msumari mpaka akapata kofia yake. Nilitaka kumnyooshea kola, nikaogopa. Akaondoka ameshikwa mkono na Baudilio, bila kugeuka.

Caruca alinipitia twende kwenye kivuko cha reli na wenzetu, kuna ngoma na maji ya miwa ya bure. Nikasema nachagua maharage. Kweli nilikuwa nachagua maharage. Niliyachagua, nikayamwaga mezani, nikayachagua tena.

Karibu na mchana mvua ilikatika na hewa ikawa tupu, hakuna upepo, hakuna jivu. Nikasikia kutoka Dos Palmas. Ndefu moja. Fupi mbili. Halafu ndefu, ikaanza kushuka, na mimi nikashika meza nikingoja mkia, nikijiambia nitamnyonga Wilfredo kwa mikono yangu.

Mkia haukuja. Ilishuka polepole mpaka chini, ikaketi, ikanyamaza.

Alikuwa yeye mwenyewe. Mpaka leo Fermín hakuwahi kunipigia kutoka Dos Palmas. Kutoka pale mpaka kona ya mapera ni mbali, kahawa ingepoa mara mbili. Na Odalys alikuwa amesimama palepale, ameisikia kabla yangu, na hilo limeniuma, sitasema uongo. Nikaacha maharage, nikaweka maji ya kahawa motoni.